Aiskrimu ya Mama Mkwe

Saa sita mchana Dorca alimpandisha mama yake ngazi za jumba la maduka lililofunguliwa upya, mama mwenyewe ameshika shavu kwa leso. Asubuhi hiyo alikuwa ameng'olewa jino hospitalini, na daktari akamkataza kitu chochote cha moto. Hicho ndicho kisingizio Dorca alichokuwa akikitafuta ili amwonjeshe aiskrimu.

"Hapa si palikuwa stoo ya pamba?"

"Ndiyo, mama. Wameweka rangi na vioo."

Vioo kweli. Mama alijiona mara nne kabla ya kufika juu, na kila mara akasawazisha kitambaa cha kichwa. Walipita duka la chipsi na kuku, wakapita la Mhindi lenye jalebi. Mama aliuliza kila kitu ni nini na ni pesa ngapi, na akiambiwa bei alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa ametoka Asembo Bay na nguo zake za kanisani, na Dorca alimpenda siku hiyo kuliko siku zote.

Mgahawa wa aiskrimu ulikuwa mwisho. Zadock, mume wa Dorca, alikuwa mhudumu pale, wiki ya tatu ya majaribio. Zamu yake ilikuwa ya jioni, ndiyo maana Dorca alichagua mchana. Hakujua kwamba asubuhi hiyo zamu zilibadilishwa bila mtu kuulizwa.

Zadock alitoka jikoni na trei, akamwona mama mkwe wake ameketi. Kwao mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake, na hilo halina mjadala. Akageuka papo hapo. Mama naye akageuza kiti kuelekea ukutani.

"Twende, nyara," alimnong'oneza binti yake. "Nitakunywa uji baridi."

"Kaa, mama. Hakuangalii."

Mlangoni pa jikoni palibandikwa amri ya mwenye mgahawa: mhudumu asimpe mteja mgongo, na atabasamu. Amolo, msimamizi, alimfuata Zadock.

"Hiyo nini? Geuka, chukua order."

"Ni maro wangu, boss, mama ya bibi yangu. Tuma mtu mwingine."

"Mwingine ako wapi?" Amolo alikuwa mtu wa Katito, mwenye mila hizo hizo, na alishusha sauti kwa aibu. "Hata mimi niko na maro, ndugu yangu. Lakini mwenye hoteli ako hapo kwa counter. Hapa hakuna maro, kuna customer. Geuka, ama utoe hiyo aproni."

Zadock aliingia jikoni. Alichota aiskrimu ya embe, akaongeza kijiko juu ya kipimo. Kisha akatoka kinyumenyume na trei, hatua kwa hatua, watu wakimcheka, mpaka meza ya jirani. Aliliweka bakuli pale bila kutazama nyuma. Akavua aproni, akaikunja vizuri na kumkabidhi Amolo, ambaye aliipokea macho chini.

Dorca alimletea mama bakuli.

Mama, aliyesikia vicheko lakini hakuiona aproni ikivuliwa, alikula akitazama ukuta, taratibu, kwa upande usio na kidonda.

"Amenipa heshima mbele ya watu wote hawa," alisema. "Mwambie ni tamu. Na mwambie wakubwa wake wamepata mfanyakazi."

"Nitamwambia, mama," Dorca alijibu. "Kula."