Gobore la Kina Aucker

Wendell Aucker hakubisha hodi. Aliingia na viatu vyake vya zizini mpaka jikoni kwa dada yake, akakuta bunduki zimetanda juu ya meza ya chakula na Luella ameshika kitambaa cha mafuta, anasugua mtutu kama anayemwogesha mtoto wa kwenda kanisani.

"Kumbe kweli," akasema. "Nilidhani watu wanazusha kwamba unaziuza."

"Hawakuzusha. Vua viatu."

Hakuvua. Alizunguka meza akizigusa moja moja. Ya marisawa, ya kuwindia bata mzinga. Ile fupi ambayo Luella alimwangushia dubu akiwa na mimba ya kifungua mimba wake, watu wakasema mtoto atazaliwa kiziwi. Na mwisho kabisa, limelazwa peke yake juu ya blanketi, lile gobore.

Gobore lile lilitengenezwa na babu wa babu yao, Josiah Aucker, kwa mikono yake miwili, wakati bonde lao la Pennsylvania lilikuwa na mbwa mwitu wengi kuliko watu. Lilikuwa refu kuliko Luella akisimama, kitako chake mbao yenye mawimbi, na ubavuni nyota ya fedha. Wakusanyaji wa vitu vya kale walishafunga safari mpaka mlangoni kwake kuuliza bei, naye akawafukuza kwa mbwa. Wendell alipitisha kidole juu ya ile nyota, akakirudisha, akakipitisha tena.

Basi ujue kwamba baba yao aliwagawia mali angali hai. Wendell alipata shamba la bondeni, ng'ombe wa maziwa na matrekta. Luella akapata nyumba ya juu, msitu wa mlimani na bunduki zote. Bonde zima lilishika mdomo. Bunduki kwa binti! Mzee akajibu kwamba bunduki zinakwenda kwa anayejua kulenga, na Wendell, Mungu amsamehe, alikuwa akilenga kulungu, wanaokimbia ni mbwa. Kicheko cha siku ile Wendell hakukisahau mpaka akaota mvi.

"Nakupa dola elfu nne kwa zote," alisema sasa. "Taslimu. Leo leo."

"Elfu nne hazinunui kitako cha hilo ulilolishika."

"Dada." Akashusha sauti, ingawa humo ndani walikuwa wawili tu. "Habari ya kodi naijua. Tangazo la kaunti niliona limebandikwa mlangoni kwako kabla hujalibandua. Niuzie mlima, niwalipe, wewe ukae humu mpaka Mungu atakapokuchukua."

"Nikae. Katika nyumba yangu. Kwa ruhusa yako."

"Sijasema hivyo."

"Wendell, mimi nimekubadilisha nepi. Usinifundishe ulichosema na ambacho hujasema."

Akatoka. Alama za samadi zikabaki sakafuni, na Luella akazipigia deki kwa hasira hata rangi ya mbao ikataka kutoka.

Lakini la kodi lilikuwa kweli. Mumewe Harlan aliugua muda mrefu, na ugonjwa wake ukala akiba, ukala lori, ukala ng'ombe wao wachache. Walipomzika, Luella alibaki na nyumba, mlima na kodi isiyolipwa, na kaunti ilishasema itaipiga ardhi mnada kabla ya theluji ya kwanza. Mshahara wa kupika katika shule ulimtosha kula na kuwasha jiko, basi. Kilichobaki cha kuuza kilikuwa bunduki. Zote zikiuzwa bila gobore, bado zisingefika nusu ya deni. Gobore ndilo lingeuokoa mlima.

Na mwanamke huyu, ambaye angeweza kufungua kinywa na kusaidiwa na kijiji kizima, alifunga kinywa. Kila aliyemuuliza alimjibu kitu kimoja: "Mikono imechoka kusugua vyuma." Shoga yake Norma Shively, mpishi mwenzake shuleni, alimkazia macho.

"Una shida, Luella?"

"Shida ya nini?"

"Haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nenda kaangalie viazi vyako visiungue."

Hata dalali Boyd Reigle, mtu mwenye kifua kama pipa na sauti ya kufukuza kunguru, alimshauri aweke bei ya chini kwa gobore, ambayo likikosa kuifikia halitauzwa. Luella akakataa. Bei ya chini huweka mtu mwenye njaa, na bonde zima lingejua. Liende kama lilivyo, alisema, watu wana macho. Boyd akashusha pumzi, akaandika.

Mnada ulifanyika Jumamosi katika ukumbi wa zimamoto. Magari ya kuzimia moto yalitolewa nje, viti vikapangwa, na akina mama wakauza supu ya kuku na mahindi kupitia dirisha la jiko. Watu walijaa mpaka ukutani. Luella alikaa mstari wa mbele na koti lake la mazishi, mgongo umenyooka kama ufagio, maana hakutaka mtu aseme baadaye kwamba alionekana ameinama.

Bunduki za kawaida zilikwenda vizuri. Ya marisawa ilichukuliwa na mwalimu. Ile ya dubu ilisababisha ubishi, bei ikapanda, watu wakacheka, na mwenye leseni ya kuuza bunduki aliyekaa pembeni na simu akawa anawaulizia wanunuzi kwa polisi wa jimbo kama hawana makosa, mmoja baada ya mwingine. Kila nyundo ilipogonga, Luella alihisi kama ameng'olewa jino, lakini alihesabu kichwani na hesabu ikaenda sawa. Limebaki moja, akajiambia.

Boyd alilinyanyua gobore kwa mikono miwili. Nyuma alikuwapo mkusanyaji mmoja kutoka Lancaster, bwana Eshbach, mwenye miwani na koti safi mno, na Luella alishamwona akilichunguza asubuhi kwa kurunzi ndogo, midomo ikimcheza. Huyo, alijiambia, ndiye atakayeuokoa mlima wangu.

"Kazi ya Josiah Aucker," alisema Boyd. "Sina la kuongeza. Nani ananianzishia?"

"Mia tano," alisema Wendell.

Alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia mkononi, uso wa upole kama wa mtu aliyekuja kumzika mama yake. Na hapo ndipo Luella alipoliona shimo, naye tayari yumo ndani.

Kwa maana bondeni kwao lipo jambo ambalo hakuna aliyefundishwa na kila mtu analijua. Mtoto wa mtu akinyanyua mkono mnadani kutaka kitu cha baba yake, wengine wote huteremsha yao. Kiti cha bibi, saa ya babu, Biblia ya familia: mwenye damu akikitaka, anapewa kwa bei aliyoitaja, na watu hutazama sakafu ili asione haya. Ni adabu. Kuna mtu aliwahi kuivunja kwa ajili ya kabati la vyombo, na mpaka anakufa alikuwa akinywa supu peke yake kwenye kona.

"Mia tano ninayo," alisema Boyd, na sauti yake ikawa ndogo. "Nani sita?"

Hakuna. Vichwa viliinama mstari kwa mstari, kwa heshima, kwa upendo. Mama mmoja akatabasamu na kupangusa jicho. Wao walijua nini? Dada kachoka kusugua vyuma, kaka anachukua kitu cha baba, kitabaki nyumbani, kuna nini kizuri zaidi? Bwana Eshbach alianza kunyanyua kadi yake ya mnada, na mzee Clarence Hoy aliyekaa jirani naye akamshika kiwiko polepole, akamnong'oneza, "Hilo hapana, bwana. Huyo ni ndugu." Mgeni alikuwa mtu wa adabu. Akashusha kadi.

Wendell hakumtazama dada yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ndani ya nguo tangu siku ya nepi.

"Mia tano, mara ya kwanza," alisema Boyd, akimtazama Luella. Mwenye mali haruhusiwi kutaja bei ya mali yake mwenyewe. Alichokuwa nacho ni kinywa tu, kile alichokifunga kwa muda wote ule. Angekifungua, kila mtu humo ndani angejua kwamba Luella wa Harlan hana kitu. Asingekifungua, angebaki na heshima yake na mahali pa kuiweka asiwe napo.

"Mara ya pili..."

"Boyd, weka hiyo nyundo chini."

Luella alikuwa amesimama.

"Dada Luella, mnada una..."

"Nimesema weka chini!" Akageuka kuwatazama wote. "Nyie watu, nisikilizeni. Nimewadanganya. Mikono yangu haijachoka. Naweza kuzisugua bunduki hizi mpaka kiyama. Nauza kwa sababu sina kitu. Nadaiwa kodi. Harlan amekula kila nilichokuwa nacho, na kama angefufuka leo ningemlisha tena. Gobore hili likienda kwa mia tano, kaunti inachukua nyumba na mlima. Mnanyamaza mkidhani mnatutendea wema. Mnanitoa nyumbani kwangu!"

Kijiko kilianguka jikoni.

"Dada, hapa si mahali pake," alisema Wendell, bado na ule upole.

"Hapa ndipo mahali pake! Huyu anajua. Alisimama jikoni kwangu na viatu vya samadi akaniambia kwa mdomo wake kwamba anajua. Kisha amekuja hapa kujifunika adabu yenu kama shuka. Kama analitaka gobore la baba, alilipe! Mimi sitaki michango. Sitaki harambee ya supu. Atakayenihurumia nitamrushia kiti. Nataka bei. Mwenye mkono aunyanyue!"

Akakaa. Uso ulikuwa unamuwaka, na alitamani sakafu immeze, na wakati huohuo aliona kama ametua gunia la mahindi mgongoni.

Kisha mzee Clarence aliachia kiwiko cha mgeni, akanyanyua mkono wake mwenyewe uliojaa mishipa.

"Elfu moja."

"Clarence, utazitoa wapi?" alifoka mkewe.

"Nyamaza, mama. Nawasha moto."

"Elfu tatu," alisema bwana Eshbach.

"Elfu nne!" alisema Wendell, shingo imekuwa nyekundu. Na hapo hakurudi nyuma tena, maana watu walikuwa wameacha kutazama sakafu. Walikuwa wanamtazama yeye. Mgeni alipanda, Wendell akapanda. Kila bei Luella alipoisikia alikuwa anaupata tena mlima wake kipande kwa kipande: chemchemi, njia ya magogo, kaburi la Harlan. Kwenye elfu kumi na tano mgeni aliivua miwani akaifuta. Kwenye kumi na tisa akatikisa kichwa, akamwinamia Luella kidogo kutoka kule nyuma, akakaa.

Nyundo iligonga. Wendell alikuwa amelipata gobore la baba yake.

"Kwa nini hukusema, mwanamke wewe?" alipiga kelele Norma kupitia dirisha la jiko, machozi yanamtoka, mwiko mkononi. "Kwa nini hukusema?"

"Nimesema sasa," alijibu Luella. "Nipe supu. Na nailipia."

Jumatatu alikwenda kaunti akalipa kodi yote. Njiani kurudi alipita dukani akanunua ndoo ya rangi ya zambarau na brashi pana.

Kule kwao, mstari wa zambarau kwenye shina la mti ni sheria kamili: hapa hapaingiliki, hapawindwi. Alianzia kwenye mpaka wa chini, panapopakana na shamba la kaka yake, na alikuwa amepaka miti kadhaa gari la Wendell lilipopanda kwa kuunguruma. Alishuka akaikodolea macho ile miti.

"Unafanya nini?"

"Napaka rangi."

"Na mimi pia nisiingie? Luella, nimewinda mlima huu tangu nikiwa mtoto. Baada ya Krismasi unafunguliwa msimu wa kuwinda kulungu kwa magobore. Nilikuwa nataka... nililipa vile ili nipande nalo huku. Alivyokuwa anafanya baba."

Sauti ilimkatika hapo kweli, na Luella alisikia. Alimfahamu mtoto aliyekuwa ndani ya mzee yule, yule aliyechekwa. Moyo ulimuuma kwa ajili yake, na kwa muda brashi ilisimama.

"Ungeniomba," alisema. "Ungekuja jikoni ukasema, dada, nalitaka gobore la baba, nakulipa kwa awamu. Ningekupa. Haki ya Mungu ningekupa, na mlima ungewinda mpaka ukachoka. Ulitaka nibaki bila paa ili upate vyote, gobore kwa mia tano na mlima kwenye mnada wa kaunti."

"Na sasa nilipeleke wapi?"

"Ukutani. Lina nyota nzuri."

Wendell akavaa kofia yake. Kisha akaingia ndani ya gari akateremka bondeni polepole.

Luella alingoja mpaka mlio ukapotea. Ndipo akalilia lile gobore, kwa sauti, kama walivyomlilia Harlan, akikumbuka uzito wake begani na harufu ya baruti kwenye nywele za baba yake. Alilia kutoka mti hadi mti, na brashi hakuiweka chini mpaka alipoufikia mpaka wa juu.