Masuke ya Kitalu 117

Rufina Buitimea alihesabu mabua yasiyo na vichwa katika kitalu namba 117 mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakutaka kuyaamini macho yake. Mia mbili na kumi na moja. Hakuna ndege wala panya anayekata suke kwa adabu namna ile, pale pale chini ya shingo. Ilikuwa kazi ya vidole vya wakulima, na wakulima walikuwa wamefika jana yake, siku ya wageni, wameshiba nyama ya kuchoma na hawana haraka.

Alitukana kimoyomoyo, kisha kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia.

Mkulima wa Bonde la Yaqui haangalii ngano kwa macho tu. Lazima achume suke, alipukuse kiganjani, apulize makapi, atafune punje, halafu atazame mbali kama anayesikiliza taarifa ya habari. Mmoja akifanya hivyo si neno. Wakifanya sitini, kwenye kitalu chenye ukubwa wa chumba cha kulala, ni uharibifu. Kila mwaka Rufina aliomba vitalu vizungushiwe kamba, na kila mwaka aliambiwa kamba ni kuwakosea wageni heshima.

Na mwaka huu ndio haukupaswa kuharibika. Ngano ya majaribio ilipandwa mwishoni mwa Februari, wakati ya watu wengine imeshatoa masuke, makusudi kabisa, ili joto la Aprili liikute inachanua. Maji ilipewa tele, ili ikishindwa ishindwe na joto, si kiu. Aina mia mbili, kila moja vitalu viwili. Mwisho wa wiki, mashine ya kuvunia ikishapita, aina kumi zenye mavuno makubwa zingeendelea. Nyingine zingekwenda kulala kwenye ghala la baridi, na katika miaka kumi na minne ya kazi Rufina hajaona hata moja ikitoka humo.

Aina ya 117, ya pekee shamba zima yenye masuke ya ndevu nyeusi, aliianzisha mwenyewe miaka sita iliyopita, kwa kibano na bahasha, akichavusha suke moja moja. Kitalu chake cha pili kilikuwa salama, lakini mkuu wake, Daktari Leandro Zazueta, alikuwa na kanuni isiyo na mlango wa nyuma: kitalu kimoja kikiharibika, aina nzima inatoka.

Kilichomkera zaidi ni kwamba mwenye kosa alimjua. Vibao vya shambani vina namba tu, havina sifa. Lakini wiki mbili nyuma, akila nyumbani kwa baba yake, aliropoka kwamba 117 itawashangaza watu. Nani mwingine angewaongoza wale sitini hadi pale?

Jioni alimkuta baba yake, Don Ponciano, barazani, kofia magotini, masuke matano ya ndevu nyeusi yamechomekwa kwenye utepe wake. Rufina hakukaa. Alimwambia yote kwa mkupuo: miaka sita, kibano, aibu mbele ya mkuu wake. Mzee alisikiliza huku akinywa kahawa taratibu, jambo lililomuudhi maradufu.

"Umemaliza?"

"Bado. Kwa nini uliwapeleka 117?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Baba, usinichezee. Nilikutajia mwenyewe, tukila maharage."

"Mwanangu, namba ya simu yangu mwenyewe namuuliza mama yako. Mimi nilikuwa napita tu. Huku punje zimesinyaa, kule zimesinyaa, ngano zenu zote zina sura ya wagonjwa. Nikafika hapo, nikatafuna. Imejaa, nzito. Nikamwita mwenzangu Chemo naye atafune. Wengine walikuja wenyewe."

"Kwa hiyo hukujua."

"Sasa ndiyo najua. Mbegu yake mnaitoa lini?"

Rufina alikaa. Hasira haikuisha, ila ilikosa pa kwenda. Watu waliolima ngano maisha yao yote walikuwa wamepita kwenye vitalu mia nne bila kuambiwa lolote, wakakichagua kile kile, na kwa kukichagua wakakiharibu.

"Lini?" baba yake akarudia.

"Haitoki, baba. Mmeila."

Kesho yake, saa nane mchana, jua likichoma hadi ndani ya viatu, alimpeleka Daktari Zazueta kitaluni. Asubuhi alikuwa amehesabu vitalu vyote vya jirani: hapa vichwa vitatu vimekatwa, pale kimoja, pengine hakuna. Alimwambia baba yake na wenzake waliichagua 117 wenyewe, bila kuambiwa, akaomba isitolewe. Daktari alimsikiliza kwa ule upole wake unaochosha. Alisema anaelewa. Alisema midomo ya wakulima si mizani. Akatoa kalamu nyekundu, akaikata 117 kwenye orodha, akisema akimruhusu yeye, mwakani kila mtu atamleta baba yake.

Kisha akavua kofia ajifute jasho. Kwenye utepe wake palikuwa na masuke mawili ya ndevu nyeusi.

"Hayo umeyatoa wapi, Daktari?"

Aliigeuza kofia, akayatazama. "Nilikuwa naonja tu."

"Ulionja aina ngapi?"

"Hiyo tu."

Rufina alifungua daftari kwenye ukurasa wa vitalu vilivyoharibiwa, ambako kwa kawaida huandikwa sungura, shomoro au trekta. Aliandika: wakulima sitini. Akamnyooshea daftari.

"Andika na jina lako."

Daktari aliandika jina lake, polepole. Halafu akarudi kwenye orodha, na pembeni ya 117 iliyokatwa akaongeza, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayevunja kanuni yake mwenyewe, kwamba ipimwe kwa kitalu cha pili.

"Na kamba?" Rufina akauliza.

"Mwakani utafunga kamba."

Rufina aliyachomoa masuke yale mawili kabla Daktari hajavaa kofia, akayatia kwenye bahasha ya mbegu.