Nyumba Iliyompwaya Bi Pindo

Alasiri hiyo Bi Pindo alikuwa kibarazani kwake, miguu juu ya kikanyagio cha cherehani, anapunguza kiuno cha suruali ya mzee mwenye duka la sabuni. Mzee huyo aliugua tumbo akakonda, na tangu hapo suruali zake zote zilikuwa zinamwaibisha mbele ya wateja. Bi Pindo alifumua mshono wa nyuma, akaupunguza, akabakiza akiba ya kitambaa kwa ndani, maana mtu akipona hurudisha mwili. Watu walimpa jina hilo kwa sababu pindo lake halikuwahi kuachia, hata kwa watoto wa shule wanaoruka kuta. Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Simu ikalia. Alikuwa mwanawe wa kwanza, kifungua mimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, kuhusu ile habari ya kuanguka."

Bi Pindo alishusha pumzi. Wiki iliyotangulia aliteleza koridoni akielekea bafuni, akabaki sakafuni mpaka muuza maziwa alipokuja kupiga hodi. Korido ile ilikuwa ndefu. Marehemu mumewe aliijenga enzi za watoto watano na wageni wasiokwisha, watu wakipishana humo kwa mabega. Siku hizi alipita mwenyewe, kajishikilia ukuta, na bafu lilionekana kama liko wilaya nyingine.

"Nyumba imekuwa kubwa kwako," kijana alisema. "Jumapili nakuja na mtaalamu wa mambo ya wazee. Akiona huwezi kukaa peke yako, utahamia makao ya wazee. Mimi na wadogo zangu tumeshapanga."

"Na mimi nilikuwa wapi mkipanga?"

"Mama, usianze."

Makao yenyewe Bi Pindo aliyafahamu. Aliwahi kushona mapazia ya pale. Palikuwa safi na hakuna aliyepigwa, lakini katika siku zote alizokuwa anapima madirisha hakusikia mzee akiulizwa swali lolote isipokuwa "umekula?" Alirudi nyumbani siku hiyo akajipikia chai akaimwaga, akapika nyingine, kwa raha tu ya kuamua.

Sasa alikaa na ile suruali mapajani. Asingehama. Labda wambebe na kitanda chake. Akaitazama suruali, akaitazama nyumba, akajiambia jambo ambalo fundi yeyote angelijua: nguo ikimpwaya mteja, humfukuzi mteja. Unapunguza nguo.

Asubuhi yake akatoa futi na chaki. Alijipima mwenyewe kwanza: urefu wa hatua yake ya sasa, si ile ya ujana, mahali mkono unapofika bega lisilalamike, kimo ambacho goti linakubali kupanda bila kuombewa dua. Kisha akaweka alama koridoni, akaushika ukuta kwa mikono miwili, akaukunja. Ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa, lakini ulikunjika. Akaushikiza kwa nyuzi za mkono, akarudi nyuma, akaangalia kama umekaa sawa. Sindano ya kawaida ilivunjika kwenye saruji, akachukua ile ya kushonea magunia.

Muuza maziwa akaingia na kidumu chake, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni.

"Unapunguza?"

"Napunguza."

"Ungefanya mapema. Mimi nilidhani unapenda kutembea." Akamimina maziwa sufuriani. "Ushikize vizuri kwanza, usije ukashona upande."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi kushona?"

"Aa, nasema tu, shoga yangu."

Ngazi za mlango wa nyuma alizipandisha pindo mpaka zikawa kitu cha kuvuka tu. Rafu za jikoni alizishusha. Dirisha alilihamisha kama mtu anavyohamisha kifungo, ili alione lango akiwa amekaa. Kufikia Alhamisi bafu lilikuwa kando ya kitanda. Bi Pindo alipiga pasi mishono yote, akajigeuza huku na huku katikati ya nyumba kama mteja mbele ya kioo. Haikubana, haikupwaya. Nyumba ilimkaa. Akacheka peke yake kwa sauti, na alikuwa hajacheka hivyo tangu aanguke.

Kosa moja alilifanya, kosa la fundi aliyezoea kushona kwa kipimo. Alipima mwili wake peke yake. Wageni hakuwakumbuka.

Jumapili kifungua mimba alifika na mdogo wake wa mwisho, binti kitinda mimba wa Bi Pindo, pamoja na mtaalamu aliyevaa tai. Kijana akakwama mlangoni kwa mabega, ikabidi aingie ubavuubavu. Binti alikaa kwenye kochi, magoti yakamgusa kidevu. Mtaalamu aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu, akauomba mlango samahani.

"Mama, hii nyumba imekuwaje?" kijana akauliza.

"Nimeipunguza. Ulisema ni kubwa."

"Sasa ndiyo umeipunguza namna hii?"

"Mimi inanitosha."

Hapo hapakuwa na la kubishana. Bi Pindo aliinuka akaenda bafuni akarudi, akapanda ngazi akashuka, akateremsha sufuria rafuni bila kunyoosha hata kidole. Binti akapiga makofi, kisha akamtazama kaka yake, akaacha.

Lakini mtaalamu hakuwa anaangalia hayo. Bi Pindo alikuwa amepima watu maisha yake yote, na alijua jicho la mtu linapokwenda kabla ya futi. Mtu huyu alitazama bati. Alitazama ufa wa ukuta. Alichungulia dirishani akauliza mpaka wa kiwanja unaishia wapi. Huyo mzee aliyekuja kumpima hakumtazama hata mara moja.

"Mwanangu," Bi Pindo alimwambia, "wewe ni wa mambo ya wazee, au ni dalali?"

"Dalali, mama," yule mtu akajibu. Alikuwa mtu mkweli alipoulizwa.

Nje kuku wa jirani akapita.

"Ni kwa faida yako," kijana alisema. "Makaoni utatunzwa, nyumba itapata mtu. Wewe hukutakiwa kusumbuka na mambo haya."

Bi Pindo akamgeukia binti. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Kaka alisema tusikutie presha."

"Imeniuma," Bi Pindo alisema. "Nawaambieni ili mjue. Imeniuma sana."

Kijana alikuwa amepandwa na hasira, na koridoni, palipokuwa na lile kunjo kubwa, aliona ncha ya uzi inaning'inia. "Kilichoshonwa kinafumuliwa," alisema, akajipenyeza mpaka pale, akauzungusha uzi mkononi na kuuvuta.

Huwezi kufumua mshono kwa kuuvuta uzi. Mtoto wa fundi angejua, kama angewahi kukaa karibu na cherehani. Ukivuta, kitambaa hujikusanya. Kuta zikaanza kupiga marinda, moja baada ya jingine, dari ikateremka taratibu, na kadiri kijana alivyovuta ndivyo korido ilivyomkumbatia, mpaka masikio yakawa yanagusa saruji pande zote mbili.

"Mama, nabanwa."

"Naona."

"Fanya kitu!"

"Achia uzi kwanza."

"Nikiachia, utakuwa umeshinda."

"Baba, nimeshashinda tangu Alhamisi. Achia upumue."

Akashikilia kidogo, kwa ajili ya heshima yake, kisha akaachia. Bi Pindo alichukua wembe, akafumua upande mmoja, akaachilia ukubwa wa kiganja kutoka kwenye akiba. Huyu alikuwa mwanawe, hata hivyo, na mwana akikunyea kiganja hukikati. Kijana akatoka na vumbi la chokaa kichwani. Hakuomba msamaha. Alisema nyumba ina unyevu, akaenda kusubiri garini.

Binti alimbusu mama yake, akamfuata kaka. Alikuwa hana nauli nyingine wala, ukweli usemwe, kauli nyingine.

Dalali ndiye aliyebaki. Alikuwa anaupapasa mshono wa koridoni kwa kidole, polepole, kama mtu anayejua kazi nzuri akiiona.

"Hii haiuziki, mama," alisema. "Imeshonwa kwa mwili wa mtu. Nitamwambia nani aivae?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa." Akasita, akaikunja kofia yake mkononi. "Mama, mimi nina mama yangu. Anakaa ghorofa ya tatu. Mwaka huu hajashuka chini. Sokoni anapaona kupitia dirishani."

"Jengo lenyewe ni la tofali au la zege?"

"Zege."

"Ninunulie sindano za magunia, na uzi wa nailoni. Nitakuja kuliangalia."

Habari zikasambaa kama moto wa makuti. Mwenye duka la sabuni, ambaye suruali zilikuwa zimeanza kumkaa, alitaka chumba chake kisogezwe karibu na duka. Tarishi mstaafu alileta vipimo vya kisima kilichokuwa mbali na mlango wake. Mjane wa mtaa wa nyuma alitaka kizingiti kimoja tu kiondolewe, kile kilichokuwa kinamfungia ndani siku za mvua. Bi Pindo aliwahudumia wote, na hakuna aliyehama. Kwa wale waliochukuliwa zamani kupelekwa makaoni hakuweza kitu. Nyumba zao zilikuwa na wenyewe wapya, na hakuna fundi anayeshona nguo iliyokwisha kuuzwa. Makaoni vitanda havikuwa vitupu, na gari jeupe la makao, lile linalochukua wazee, liliendelea kupita mitaa mingine.

Siku ya kazi ya dalali, Bi Pindo alikuwa amesimama chini ya lile jengo, futi shingoni, pini nne mdomoni, mikono yote miwili imeshika ghorofa ya tatu. Wapangaji wa ghorofa ya pili walikuwa wameombwa radhi mapema. Simu yake ikalia mfukoni, dalali akaitoa akamwekea sikioni.

"Shikamoo, mama. Jana tulikutana wote kwa mdogo wangu," kifungua mimba alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa zawadi. "Tumekaa, tumelijadili suala lako kwa kirefu, kila mtu ametoa maoni. Mwishowe tumeafikiana kwa kauli moja: wewe ubaki nyumbani kwako."

Bi Pindo hakuweza kusema kitu na zile pini.

"Umesikia, mama? Tumekuamulia ubaki."

Alimwashiria dalali kwa kichwa aiondoe simu. Akavuta, akakunja, ghorofa ya tatu ikashuka mpaka ikagusa ardhi, akaishikiza. Mlango ukafunguliwa, na mama wa dalali, mwenye viatu vilivyopigwa rangi na kikapu mkononi, akakanyaga barabara.