Gemu ya Magunia Matatu

Mwaka ule wa themanini na mbili Ambakisye alikuwa hatulii. Si kwamba aliwahi kutulia. Pale ofisi ya maji Sumbawanga, alikokuwa akichora ramani za mabomba, wenzake walimjua kwa mguu wake wa kulia uliotikisa meza tangu asubuhi. Lakini tangu rafiki yake Sadoki ateremke bandarini Kasanga na magunia matatu ya maharage, mambo yalizidi. Alichora bomba likapita katikati ya darasa la shule. Lori likiunguruma barabarani, ananyanyuka kuchungulia dirishani. Nyumbani alikula amesimama.

"Kaa basi, Baba Suma," mkewe, Kristiana, alimwambia. "Hata ukisimama, boti haiongezi mwendo."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Akaitazama miguu yake, akakaa. Baada ya matonge mawili akasimama tena.

Kitu alichokisubiri alikuwa amekiona mara moja tu, miaka mitatu nyuma, alipopelekwa Ndola, Zambia, kwa kozi ya wiki mbili. Nyumba ya wageni waliyofikia ilikuwa na ukumbi wenye televisheni, na chini ya televisheni kulikuwa na kisanduku cheusi chenye vishikio viwili vya kuzungusha. Gemu ya televisheni, ndivyo walivyoiita. Wageni walipanga zamu. Zamu ya Ambakisye ilifika siku ya mwisho kabisa, akapangwa na injinia mmoja wa migodini, mtu mzito ambaye kwa wiki zote mbili hakuwa ameitikia salamu yake. Ambakisye akamshinda. Yule injinia akampa mkono, akamwuliza jina, kisha akamwomba alitaje tena polepole ili asilikosee. Hapo gari la kwenda stesheni likapiga honi.

Dakika ishirini, hazikuzidi. Lakini hazikumwacha. Kila alipozisimulia ziliongezeka: kwanza mpira, halafu wachezaji, mwishowe hata kelele za mashabiki. Hakuona kwamba anadanganya. Alisimulia kama moyo wake ulivyokumbuka.

Ndipo Sadoki, mtu wa kwao Tukuyu aliyevusha mizigo kwa boti kati ya Kasanga na upande wa Zambia, akamwambia kuna mtu Mpulungu anayo mashine kama hiyo, mpya, haijatolewa kwenye boksi. Hataki fedha yetu. Anataka maharage.

Maharage yalikuwepo, ila hayakuwa ya Ambakisye. Kristiana na mama yake, Silvana, ndio waliolima, wakapalilia, wakayapura. Na yalikuwa na kazi yake tayari: kubadilishwa na mabati. Nyumba ya Mama Silvana, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini, ilivuja mvua zote za mwaka uliotangulia, naye alilala amezungukwa na masufuria.

"Inafaa kweli?" Kristiana aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa mkunga, mtu wa kuuliza swali moja na kusubiri.

"Inafaa, Mama Suma. Watu watatoka mpaka Namanyere kuja kuiona. Na mabati tutayapata kabla ya mvua, nakuahidi."

"Umeiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, na kwa mikono hii."

Kristiana akaenda kumwuliza mama yake. Mama akajibu kwamba kama mkwe wake ameona kitu cha kuwafaa, yeye ni nani hata akatae. Jibu lile lingepaswa kumshtua Ambakisye. Lilimfurahisha.

Sadoki alirudi siku ya Alhamisi, juu ya lori la dagaa. Boksi lilinuka dagaa pia, lakini picha zake! Golikipa mwenye jezi nyekundu ameruka hewani, vidole vinagusa mpira. Mwanamke wa kizungu amevaa nguo nyeupe, anapiga tenisi. Wawindaji wawili wenye bunduki, na bata wanaruka juu ya vichwa vyao. Ambakisye aliliweka mezani, akalizunguka.

"Huyu golikipa anatikisika?" Kristiana aliuliza.

"Ndiyo kazi yake!"

Tatizo lilikuwa televisheni. Mji mzima, kwa kadiri Ambakisye alivyojua, televisheni ya kuweza kuazima ilikuwa moja, ya Tadei, fundi redio wa pale sokoni. Tadei aliileta kutoka Kitwe alipoacha kazi ya mgodini, na tangu siku hiyo haikuonyesha kitu, maana hakukuwa na stesheni ya kuonyesha kitu. Aliifunika kitambaa cha kudarizi na kuweka juu yake sanamu ya Bikira Maria. Alikubali mara moja kuiazimisha. Ila wiki ile umeme haukuwepo. Mashine ya umeme ya mji haikuwa na mafuta.

"Kesho," waliambiwa. Halafu, "Labda keshokutwa."

Ambakisye alipita kwa Tadei mara nne kwa siku, nyingine ni saa za kazi. Upepo wa Ufipa wa mwezi wa nane ulimpiga vumbi la uso na hakulifuta. Alisoma karatasi ya maelekezo mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Palikuwa na sehemu iliyosema kwamba bunduki inauzwa peke yake. Sehemu hiyo aliisoma haraka, akageuza upande wa pili.

Umeme ulirudi Jumapili saa nane mchana. Ambakisye alikimbia na boksi kichwani kama mtu anayewahi msiba. Alipofika kwa Tadei, chumba kilikuwa kimeshajaa: majirani, akina mama wa kwaya bado wamevaa sare zao, watu wamesimama mpaka kizingitini. Mama Silvana, aliyekuwa amekuja mjini kwa misa, alipewa kiti cha mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Haya, tuonyeshe."

Tadei alihamisha sanamu, akakunja kitambaa, akaunganisha waya, akaanza kuzungusha kitufe cha stesheni. Zilikuja chenga nyeupe na kelele kama mvua juu ya bati. Kisha zikakatika. Kioo kikawa cheusi, na katikati yake ukasimama mstari mweupe. Kulia kijiti kimoja. Kushoto kijiti kimoja. Na kitone.

Kitone kikaenda, kikagonga kijiti. *Ti*. Kikarudi. *Ti*.

Watu wakapiga vigelegele. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye wengi walikana. Tadei aliruka juu kabisa, miaka yote ile akilinda kioo kitupu, na leo kinaonyesha kitu! Ambakisye alicheza naye, akashinda raundi ya kwanza, akageuka kuwatazama watu.

Dakika ya tano mama mmoja wa kwaya akauliza, "Wachezaji wenyewe wanaingia saa ngapi?"

"Huu ni mwanzo tu," Ambakisye alisema. Akabonyeza swichi kwenda mchezo wa pili. Mstari wa katikati ukawa mwembamba zaidi. Mchezo wa tatu, ule wa mpira wa miguu: vijiti viwili kila upande badala ya kimoja. Wa nne ulikuwa kijiti kimoja na ukuta. Wa tano na wa sita ilikuwa ya bunduki, na bunduki haikuwemo. Akarudi wa kwanza. Akaenda wa tatu tena, kwa nguvu, kama vile swichi ilikuwa imemficha kitu.

Mama Silvana aliinama mbele.

"Mkwe wangu, samahani. Hiyo punje ndiyo mpira?"

"Ndiyo, mama."

"Na vile vijiti ndio watu?"

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akitafuta neno jema. "Basi wanajitahidi," alisema.

Hakuna aliyecheka, na ingekuwa afadhali wangecheka. Watu walianza kukumbuka shughuli zao. Mmoja alikuwa na mboga jikoni, mwingine alikuwa na mgonjwa wa kumtazama. Ilipofika saa tisa walibaki Ambakisye na Tadei, na Kristiana mlangoni amembeba mtoto wao Suma aliyesinzia.

Ambakisye aliendelea kucheza. Shati lilimganda mgongoni. Alikuwa akitafuta kile alichokiona Ndola, na kadiri kitone kilivyokwenda na kurudi ndivyo alivyozidi kukumbuka vizuri: Ndola nako kilikuwa kitone. Kijiti kilekile, *ti* ileile. Mashine haikuwa na kasoro yoyote. Aliyekosekana chumbani mle ni yule injinia.

Saa kumi umeme ukakatika wenyewe.

Njiani Kristiana alitangulia na mtoto mpaka walipovuka daraja.

"Sema basi," Ambakisye alimwambia.

"Niseme nini? Nilikuwepo."

Wiki iliyofuata alikwenda kazini kwa njia ya kuzunguka ili asipite sokoni. Jioni alitembea tu, anakwenda hadi mwisho wa mji, anarudi, anatoka tena. Alishika nyundo akapigilia misumari kwenye mlango usiokuwa na shida. Mvua zilikuwa bado miezi miwili na nusu, na kila wingu lililopita juu ya Ufipa aliliangalia kama askari aliyekuja kumkamata.

Ndipo akaja Evaristi.

Evaristi alikuwa mwenye boti wa Kirando, mtu wa sauti kubwa na viatu safi. Sadoki alikuwa amemsimulia habari za gemu, na Sadoki hakuwepo Jumapili ile. Evaristi aliegesha lori nje ya nyumba ya Ambakisye. Juu ya lori palikuwa na mabati ishirini mapya, yamefungwa kamba, yanamulika jua mpaka ndani ya sebule.

Alilichukua boksi, akamtazama golikipa kwa muda mrefu.

"Ndugu Ambakisye, mimi sizunguki. Nina jenereta, nina televisheni aliyonipa shemeji yangu wa Kalemie. Mabati yale nimeyatafuta mwaka mzima. Yachukue, nipe hii."

Jikoni mwiko wa Kristiana ulinyamaza.

"Lakini wewe ndiye uliyenayo," Evaristi akaendelea. "Uniambie kama ndugu. Inafaa?"

Lilikuwa neno moja tu la kujibu. Tena Ambakisye alijua kulisema. Alikuwa na mazoezi ya miaka mitatu. Akaanza, "Nilipokuwa Ndola..." na macho ya Evaristi yakawaka palepale, mdomo ukafunguka kidogo, akasogea ukingoni mwa kiti. Ambakisye akamtazama. Alihisi anaangalia uso wake mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Haifai."

"Haifai vipi?"

"Ni kitone. Kinakwenda, kinarudi. Basi."

Evaristi akacheka. "Aa, watu wa Tukuyu mnajua biashara! Unataka niongeze. Haya, naongeza gunia la dagaa."

"Sitaki uongeze. Nakueleza ukweli."

"Kama ni kibaya, mbona unacho? Mbona ulitoa magunia matatu?" Sasa hakuwa akicheka. "Sema hutaki niwe nacho Kirando. Ninyi wa ofisini kizuri ni chenu tu."

Umeme wa kumwonyesha haukuwepo. Ambakisye alisimama, akachukua karatasi na penseli yake ya kazini, akapiga mstari katikati kwa rula. Kijiti huku, kijiti kule, nukta.

"Mchezo wa kwanza," alisema.

Akachora wa pili, mstari ukiwa mwembamba. Akachora wa tatu. Akachora wa nne. Alichora kwa uangalifu uleule aliotumia kwa mabomba ya serikali, kila kipimo mahali pake, akazipanga karatasi nne juu ya meza mbele ya mgeni.

Evaristi alizitazama moja moja. Aliigeuza ya tatu akaangalia nyuma yake.

"Na golikipa?"

"Anaishi kwenye boksi."

Evaristi akanywa chai yake yote. Alipoondoka aliomba apewe zile karatasi, akazikunja akazitia mfukoni, akashukuru kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. Lori likateremka na mabati yake.

Kristiana alikuja kusimama kando ya mumewe. Waliliangalia vumbi.

"Umefanya vizuri kumwambia," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini mama angeyahitaji yale mabati."

"Najua."

"Nasema tu."

Mwezi wa kumi Ambakisye aliomba likizo. Hakwenda Tukuyu. Alikwenda kwa mama mkwe wake, akakata nyasi, akafunga matita, akapanda juu ya nyumba. Hakuwahi kuezeka maisha yake. Mama Silvana alimwelekeza kutoka chini, kwa Kiswahili anapotulia na Kifipa anapoona hatari. Mikono ilichanika. Siku ya tatu aligundua kwamba kwa asubuhi nzima hakuwa amewaza lolote. Mvua zilipofika paa lilivuja pembe moja tu, ile aliyoianza. Mama alihamisha kitanda na hakulitaja.

Gemu ilibaki kwa Tadei. Jumapili nyingine, umeme ukiwepo, wao wawili walicheza nusu saa, wakabishana, wakacheka. Mtu akiuliza kama ni mbaya, Ambakisye alisema si mbaya. Akiuliza kama ni ya kununua, alimjibu aende kwanza akaicheze, halafu atazame shamba lake la maharage.

Karibu na Krismasi Sadoki alipita na habari. Mpulungu imekuja nyingine, ya kisasa. Ina rangi. Kuna ndege za kivita na nyota zinadondoka.

Ambakisye aliweka kikombe chini. "Umeiona ikiwaka?"

"Nimeona boksi."

"Basi rudi ukaione ikiwaka, kisha uje uniambie."

Sadoki akaaga, akaenda zake. Ambakisye alibaki mlangoni, hana hakika kama amekataa au ameagiza.

"Umemwambia nini?" Kristiana aliita kutoka ndani.

"Nimemwambia akaangalie."

"Kuangalia ni kuzuri," Kristiana alisema. "Maharage ya msimu huu yatakaa kwa mama."