Usomaji wa Leo

Historia itakumbuka kwamba Ocaya, msomaji wa Biblia katika kanisa la shule na mtani mkuu wa bweni zima, aliangushwa na maneno sita.

Ilikuwa likizo. Moreen, mwanafunzi mwenzake wa miaka kumi na mitano, alikuwa amempelekea Travis wa darasa lao picha yake ya siri, kwa sababu walipendana na kwa sababu Travis aliapa ataifuta. Travis akamrushia Ocaya. Ocaya naye, kwa unyenyekevu wote, akaituma kwenye kundi la darasa lenye watu arobaini na wawili, na juu yake akaandika: "Waumini, tusimame kwa usomaji wa leo."

Waumini walicheka sana. Kabla ya chakula cha mchana, picha ilikuwa imemfikia mama yake Moreen dukani kwake katika soko la Kikuubo, Kampala.

Siku ya nne polisi waliita mtu kituoni. Hawakumwita Ocaya, walimwita baba yake. Mtoto hasajiliwi laini ya simu, kwa hiyo Sajenti Odur, mwanajeshi wa kambi ya Mbuya anayepiga pasi hata leso, alikuwa amemsajilia mwanawe kwa kitambulisho chake mwenyewe. Ocaya aliambiwa amsindikize tu.

"Afande, namba hii ni yako?" akauliza Aciro, mpelelezi.

"Yangu."

"Ndiyo iliyotuma picha ya utupu ya mtoto."

"Mimi? Dada, mimi hata kile kidole gumba cha simu sijui kukituma!"

"Basi nani anaitumia?"

Sajenti akageuka kumtazama mwanawe. Ocaya aliona kabisa sekunde ambayo baba yake alielewa.

"Ni mimi," Sajenti akasema. "Andika."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, hata ng'ombe angepita. Lakini nje yake, kwenye benchi, alikaa mama yake Moreen, na Ocaya hakuwa na miguu ya kupita mbele ya mama huyo.

Aciro aliweka kalamu chini. "Afande, nikiandika hivyo, wewe ni mtu mzima uliyesambaza picha ya mtoto. Jeshi unaliaga leo, na gerezani Luzira unakaa miaka. Kama ni kijana, atapelekwa mahakama ya watoto. Bado ni kesi. Atabeba kosa lake, lakini atalibeba kama mtoto."

"Nimesema andika."

Ocaya alitafuta mzaha kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la pili, hakukuwa na hata mmoja.

"Ni mimi," akasema. "Lakini Travis ndiye aliyeanza."

"Travis yuko chumba cha pili. Ameshalia. Wewe bado."

Wakamsubiri afisa wa ustawi wa watoto, kwa kuwa bila yeye maelezo ya mtoto hayaandikwi. Alipofika, Aciro akachukua kalamu.

"Uliandika nini juu ya picha? Sema vilevile ulivyoandika. Na kwa sauti, nisikosee."

Sauti iliyozoea kujaza kanisa ilitoka nyembamba kama uzi.

"Waumini, tusimame kwa usomaji wa leo."

Kwenye benchi, mama yake Moreen alijifunika uso kwa leso. Sajenti Odur, aliyekuwa amesimama wima tangu asubuhi, alipapasa nyuma akatafuta kiti, akaketi.