Gauni la Mama Kopi

Wateja ndio waliompachika jina la Mama Kopi, naye akaitikia, angefanyaje? Ukimwonyesha picha ya gauni kwenye simu, gauni lolote lile, siku chache baadaye unalivaa. "Hivi hivi, fundi, usibadilishe hata kifungo," ndiyo salamu aliyoizoea. Alikuwa ameshona mawazo ya watu mpaka kichwa kikaingia mvi, na la kwake mwenyewe hakuwa nalo hata moja.

Ndipo mwenye duka la nguo la barabara kubwa alipomwambia alete gauni alilolibuni yeye. Likivutia, litatundikwa dirishani kwa jina lake, na kuanzia hapo atashona ya kwake tu. Usingizi ukampaa. Alichora, akafuta, akachora tena, hadi likapatikana: gauni refu la mahameli ya zambarau, bega moja wazi, sketi ya vipande vinne vilivyonyooka kama milango, na mkunjo mmoja ukitelemka toka begani hadi kwenye nyonga. Kitambaa kilikuwa cha mwisho cha jora lake. Alilishona amejifungia, akiimba kwa sauti mbaya hadi majirani wakagonga ukuta.

Siku ya kulipeleka, mdogo wake aliyekuwa akiishi naye ndiye aliyelivaa. Mwenye duka alimzungusha mbele ya kioo, akatabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Fundi, hapa umeunganisha vitambaa viwili?"

"Viwili vipi? Jora moja hilo."

"Mbona kipande hiki kimekolea na hiki kimepauka?"

Mama Kopi akasogea. Akatazama, akakaza macho, akatazama tena. Aliona zambarau ile ile, juu hadi chini.

Akapeleka mkono. Mahameli ina vinyweleo: ukiipapasa kushuka inalala, ukipapasa kupanda inakataa, na kipande kikigeuzwa kichwa chini, rangi nayo inageuka. Hilo hata anayeanza kujifunza analijua, ndiyo maana fundi huchora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande. Mishale alikuwa ameichora. Wakati wa kuunganisha hakuiona, akajiambia chaki imefutika, akakisia kwa rangi. Sasa kiganja kiliteleza kwenye kipande cha kwanza, kwenye cha pili kikakwama. Hapo akaelewa kwamba chaki haikufutika.

"Dada, huoni?" mdogo wake alinong'ona.

"Naona! Kwani mimi sina macho?"

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Gauni ni zuri jamani, sijapata kuona kama hili. Kifumue hicho kipande, kigeuze, uniletee kesho. Dirisha nakuwekea."

Nyumbani mdogo wake alijaribu kumlainisha. "Dada, tulipeleke kwa fundi wa jirani. Afumue tu, basi."

"Akiligusa yeye litakuwa langu tena? Maisha yangu yote nimeshika ya watu. Hili haliguswi na mtu."

Kiburi? Kiburi, ndiyo. Lakini mtu aliyesubiri hivyo ana haki ya kiburi kidogo, hata kama kitamponza.

Akakaa karibu na dirisha na wembe wake. Uzi ulikuwa zambarau, kitambaa zambarau, naye akaufuata mshono kwa ncha ya kidole, akikata nyuzi mojamoja. Mshono ulianza kuachia vizuri. Akapata moyo, akaongeza kasi kidogo, na mara akasikia kitambaa kikichanika, sauti ndefu na laini. Alipopapasa, kidole kilipenya hadi upande wa pili, katikati ya kipande cha mbele, mbali kabisa na mshono.

Hakukuwa na kitambaa kingine, na hata kingekuwepo, angekikata kwa macho yapi? Gauni lake la kwanza lilikuwa limekwisha, na mengine yote aliyokuwa nayo kichwani yangebaki humo humo.

"Washa taa," alisema.

Jua la mchana lilikuwa limejaa chumba kizima, na balbu ilikuwa inawaka tangu waliporudi. Mdogo wake akaenda ukutani, akaizima, akaiwasha tena.

"Sasa je, dada?"

"Afadhali," alisema Mama Kopi, na akaanza kulia.