Soksi kwenye Pedeli

Tangu ajifunze kushona, fundi hakuwahi kukanyaga pedeli akiwa amevaa kitu mguuni. Alisema mguu mtupu ndio unaoisikia mashine. Uzi ukikaza, unyayo unajua kabla ya jicho. Kwa hiyo mdogo wake alipoingia dukani mchana wa jua kali na kumkuta na soksi nene, alisimama mlangoni kidogo.

"Shikamoo dada. Mali yangu haijambo?"

"Marahaba. Haijambo, inafanya kazi kuliko mwenyewe."

Ndivyo walivyosalimiana tangu alipompa dada yake figo moja. Wateja walikwisha kumbandika jina la Mwenye Mali. Leo hakucheka. Alivuta kigoda akaketi karibu na cherehani.

"Miguu inasikia baridi?"

"Mbu."

"Mbu wa saa saba mchana?"

"Umekuja kupunguziwa suruali au kunihoji?"

"Kesho ni kliniki yako. Ule uchunguzi wa mwaka."

"Siendi. Nina sare za watu hapa."

Uchunguzi huo fundi aliujua vizuri. Aliyepandikizwa figo humeza dawa za kuutuliza mwili usiikatae, na mwili uliotulizwa hivyo ni kama mlinzi aliyesinzia: saratani inaweza kumpita getini. Ndiyo maana kila mwaka daktari alimkagua kutoka utosini hadi vidoleni.

"Dada, vua soksi."

"Huna adabu wewe."

"Sina. Vua."

Fundi alizidi kukanyaga. Mshono ukaenda upogo. Akalizuia gurudumu kwa kiganja, akainama akavua. Chini ya kifundo cha mguu palikuwa na doa la zambarau iliyoiva, ukubwa wa kifungo cha koti, na jingine dogo pembeni yake.

"Lina muda gani?"

"Tangu kabla ya mvua. Haliumi."

"Sasa umelificha ya nini?"

Fundi alijibu akiutazama ule mshono ulioharibika. "Kuna baba mmoja pale kliniki alitokwa na doa kama hili. Wakampunguzia dawa, figo ikagoma. Wewe walikupasua kwa ajili yangu. Nikiipoteza, nitakuja kukuambia nini?"

Mwenye Mali aliuchukua ule mguu akaupakata.

"Nilitoa figo ili nibaki na dada. Sikukuajiri uilinde."

"Ni rahisi kusema."

"Ni rahisi, ndiyo. Na ndivyo ilivyo."

Kesho yake walikwenda pamoja. Daktari, mama mtaratibu, alilimulika doa, akalibonyeza, akatazama na ndani ya mdomo. Halafu akatia ganzi ili akate kipande kidogo cha ngozi cha kupeleka maabara. Mwenye Mali, ambaye siku ya kutolewa figo aliingia chumba cha upasuaji akitania wauguzi, aliiona sindano ikizama kwenye mguu wa dada yake akateleza ukutani mpaka sakafuni. Muuguzi akalazimika kumwacha mgonjwa amhudumie msindikizaji.

"Mpepee tu," fundi alisema kutoka kitandani. "Huyo ni jasiri, ila kwa zamu."

Majibu yalipotoka, daktari hakuzungusha maneno. Ilikuwa saratani, aina inayowapata baadhi ya waliopandikizwa, na ilikuwa bado changa. Angependa kupunguza dawa moja na kubadilisha nyingine. Mara nyingi madoa hunywea yenyewe mwili ukiamka. Figo wangeifuatilia kwa karibu.

"Lakini siwezi kukuapia kwamba haitalalamika," alisema. "Uamuzi ni wako."

Fundi alimgeukia mdogo wake, akitaka amsemee. Mwenye Mali alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kama mtu anayetafuta jina lake humo. Hakugeuka.

"Punguza, daktari," fundi alisema.

Wakatoka, wakakaa kwenye benchi la nje.

"Ikigoma?"

"Tutalia."

"Halafu?"

"Halafu nitakusindikiza kwenye mashine ya kusafisha damu, kama zamani. Tutagombania kile kiti kibovu."

Fundi alianza kucheka, na kicheko kikageuka. Akalia pale pale mbele za watu, kwa mara ya kwanza tangu doa litokee. Mdogo wake hakumnyamazisha. Alisogea tu, mabega yakagusana.